Mwenye Kovu Usidhani Kapoa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Jumapili alasiri)



Twawashukuru Wazee wa Halmashauri kwa heshima waliyotupa ya kusimama mbele yenu leo. Bwana Katibu alipotuletea barua ya kututaka tuseme neno juu ya imani na maumivu ya moyo, tulikusudia kumrudishia barua yake pamoja na udhuru. Sisi si Padre wala si daktari. Ni karani tu, na kazi yetu ni kuandika yale waliyoyasema wengine. Lakini mwenzetu wa nyumbani aliisoma barua ile, akatuambia, "Usiposema wewe, nitakwenda kusema mimi." Ndiyo sababu mnatuona hapa.

Humu tumo Wakristo, na wamo ndugu zetu Waislamu. Hatukuja kumvuta mtu kwa nguvu. Tutaeleza tuliyoyapata sisi katika dini yetu, na akiona ndugu yetu kuwa limo la kumfaa, tutashukuru. Habari ya Yusufu, ambayo tutaitaja mbele, wanayo wao pia katika Kurani, sura nzima yenye jina lake.

Wazee wetu walisema, Mwenye kovu usidhani kapoa. Sisi watu wa ofisini ni mabingwa wa kuvaa makovu. Asubuhi mtu hupiga shati lake pasi, akachana nywele, akafika kazini kabla ya saa. Aulizwapo, "Hujambo, bwana?" hujibu, "Sijambo." Husema hana jambo, na jambo analo. Twajua kuwa katika watu waliokaa humu wako waliofiwa, wako waliosingiziwa, wako waliopigwa utotoni na mkono uliopasa kuwalea, na wote hawajambo. Basi turuhusuni tuanze na jambo letu sisi wenyewe, maana si haki kumwambia mtu afungue kidonda chake hali chetu tumekifunga.

Miaka kadha iliyopita, katika kituo tusichokitaja, tulikuwa tukiangalia daftari la fedha. Siku moja hesabu ilipungua. Stakabadhi tatu zilikuwapo, na fedha zake hazikuonekana. Tulisimamishwa kazi kwa nusu ya mshahara mpaka shauri limalizike, nalo lilichukua miezi saba. Mwisho wake fedha zilionekana: zilikuwa zimepokewa sawasawa na kupelekwa benki, ila ziliandikwa katika fungu lisilo lake. Aliyeziandika vibaya alikuwa karani mwenzetu, rafiki yetu wa kula naye sahani moja. Alikuwa ametambua kosa lake tangu juma la pili, akanyamaza, kwa sababu alikuwa hajathibitishwa kazini, na aliogopa. Tulirudishwa mezani petu, tukalipwa nusu iliyobaki, tukapewa na barua ya kutusafisha jina. Barua hiyo tunayo hata leo. Ni barua nzuri, imepigwa taipu bila kosa.

Lakini katika mwezi wa tano wa ile miezi saba, mtoto wetu wa kike wa miaka minne alishikwa na homa usiku. Hospitali ilikuwa mbali, na nauli ya gari hatukuwa nayo. Tulimfikisha kesho yake asubuhi. Waliompokea walifanya kila waliloliweza, naye alifariki dunia kabla ya adhuhuri.

Baada ya matanga tuliweka amri nyumbani kwetu kuwa jina la mtoto yule lisitajwe tena. Nguo zake tuligawa. Kikombe chake cha bati tulikitia sandukuni, tukafunga kwa kufuli. Tulidhani kuwa huko kutolia ndiko kuwa mwanamume, na tena ndiko kuwa Mkristo. Kanisani hatukukosa Jumapili hata moja, na zamu yetu ya kusoma somo ilipofika tulisoma kwa sauti iliyosifiwa. Lakini usingizi ulitukimbia. Watoto waliobaki tuliwakemea kwa neno dogo. Faili ikifika mezani yenye mwandiko wa yule rafiki yetu, mkono ulitutetemeka hata wino ukamwagika. Tulikaa hivyo miaka mitatu, na kila aliyetuuliza tulimjibu, "Hatujambo."

Mwaka wa nne alitujia Padre mmoja mzee, aliyekuwa amekwisha kustaafu. Alikaa kitini, akapewa chai, akatuuliza kama watu waulizavyo, "Mna watoto wangapi?" Tukajibu, "Wawili." Ndipo mwenzetu, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika mkononi, akasema, "Watatu."

Padre hakusema neno. Aliweka kikombe chini, akamwuliza jina la yule wa tatu. Naye akalitaja, mara ya kwanza tangu matanga, akaketi chini sakafuni akalia. Sisi tulitoka nje tukasimama penye ua, tukijifanya twatazama kuku.

Padre alitufuata. Hakutuhubiria. Alituomba jambo moja tu: tukae naye siku ile tusome habari ya Yusufu tangu mwanzo hata mwisho, "si kama msomavyo kanisani," alisema, "bali kama msomavyo faili la shauri, karatasi baada ya karatasi, pasipo kuruka." Tukasoma. Na mambo tuliyoyaona siku ile tulikuwa tumeyasikia tangu utoto, wala hatukuwa tumeyaona.

Yusufu, Mabwana, alikuwa mtumishi wa serikali kama sisi. Aliuzwa na ndugu zake akiwa kijana wa miaka 17, akasingiziwa nyumbani mwa bwana wake, akatiwa gerezani, na mnyweshaji wa Farao aliyemwomba amkumbuke akamsahau miaka miwili. Alipata umri wa miaka 30 siku aliyosimama mbele ya Farao na kupewa kazi ya kuangalia ghala zote za nafaka. Alipandishwa daraja kuliko yeyote katika sisi atakavyopandishwa. Akaoa, akapata mwana, akamwita Manase, maana yake ni kwamba Mungu amemsahaulisha taabu zake zote na nyumba ya baba yake.

Hapo Padre alituzuia akauliza, "Je, alikuwa amesahau?" Tukasema, "Ndivyo asemavyo." Akasema, "Endelea kusoma."

Tukaendelea. Ndugu zake wakaja Misri kununua chakula, na yule aliyesahau akawatambua mara moja. Akasema nao kwa ukali, na katikati yao aliweka mkalimani, ijapokuwa lugha yao aliijua tangu kifuani mwa mama yake. Mara ya kwanza aligeuka kando akalia. Mara ya pili alikimbilia chumbani kwake akalia, akanawa uso, akajizuia, akatoka na kuamuru chakula kiandaliwe. Nani katika sisi hajapata kunawa uso namna ile, akarudi mezani kwake kana kwamba hapana neno? Mara ya tatu hakuweza kujizuia. Aliwatoa nje watu wote wa ofisi yake, pamoja na mkalimani, akalia kwa sauti hata Wamisri wakasikia, akawaambia ndugu zake kwa lugha ya nyumbani kwao kuwa yeye ndiye Yusufu, ndugu yao waliyemuuza.

Padre akasema, "Uponyaji ulianza pale, haukuanza alipompa mtoto jina la Usahaulifu. Ulianza alipolia pasipo kunawa uso, na alipotaja walilomfanya kwa jina lake." Nasi, tulio karani, tuliielewa habari ile kwa njia ya kazi yetu. Deni lisiloandikwa halifutiki. Mtu hawezi kufuta katika daftari deni ambalo hakuliandika kamwe. Litabaki nje ya daftari, nalo litamdai usiku. Yusufu aliliandika lile deni mbele ya wadeni wake, kwa neno lililo wazi, ndipo akalifuta.

Basi usiku ule tulikaa na mwenzetu, tukamwambia neno ambalo hatukumwambia kwa miaka mitatu, na ambalo hata ninyi mwanzoni hatukuwaambia. Tulisema kuwa nauli hatukuwa nayo usiku ule. Ni kweli. Lakini jirani yetu alikuwa nayo, nasi tulijua kuwa anayo na kuwa atatupa. Mtaa mzima ulikuwa ukinong'ona kuwa sisi ni mwizi, tukaona aibu kubisha hodi usiku kuomba fedha. Tukasema, tungoje kuche. Miaka mitatu tulimchukia rafiki yetu kwa haki ya kosa lake, lakini tulimchukia zaidi kwa sababu chuki ile ilitukinga tusiutazame ule mlango ambao hatukuubisha.

Mwenzetu alinyamaza kitambo. Halafu akasema, "Nilijua. Nilikuwa macho. Nami pia sikubisha."

Mabwana na Mabibi, tungeweza kukaa katika maneno yale mpaka yatuue sote wawili. Tulichofanya ni kupiga magoti na kusali ile sala aliyotufundisha Bwana, na tulipofika mahali pa kuomba msamaha tukakwama, maana pale pana sharti. Tumezoea kulipita lile sharti mbio mbio. Usiku ule tulilisoma polepole kama mtu asomaye mkataba kabla ya kutia sahihi. Tukaomba Mungu atusamehe kwa ajili ya mlango ule. Kila mmoja akamsamehe mwenziwe kwa sauti. Na tukamtaja yule rafiki yetu kwa jina lake. Hatukuona malaika. Tulilala, basi. Lakini kulala kwenyewe kulikuwa ni kitu kigeni nyumbani mwetu.

Kesho yake tulimwuliza Padre, je, kosa dogo la karani na mauti yasiyokusudiwa ni sawa na dhuluma za makusudi za wenye nguvu? Msamaha huo waweza kuchukua uzito wa namna ile? Alitueleza habari ya mtu ambaye katika miaka ya 1940 na 1950 alikuwa mwalimu wa shule pale Dodoma, Mganda wa Kigezi jina lake Festo Kivengere. Mtu huyo aliguswa mwaka 1941 na uamsho uliokuwa umeanza Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Watu wa uamsho ule walikuwa na desturi ya kuungama waziwazi na kurudisha walivyoiba, na Kivengere mwenyewe, baada ya kuokoka, alisafiri kwa baiskeli mwendo mrefu kwenda kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akimchukia, akamwomba msamaha kwa chuki yake.

Mwaka 1972 alifanywa Askofu wa Kigezi, wakati wa utawala wa Idi Amin. Mwezi wa Februari 1977 Maaskofu waliandika barua ya kulalamika juu ya mauaji na dhuluma za serikali ile. Tarehe 16 ya mwezi huo Askofu Mkuu Janani Luwum alizuiliwa, akauawa pamoja na mawaziri wawili. Serikali ilitangaza kuwa ni ajali ya gari. Kaburi lilichimbwa Namirembe, lakini mwili haukuletwa. Ulipelekwa ukazikwa Mucwini kwao, na Wakristo wa Kampala wakakusanyika kando ya kaburi tupu, wakaimba. Kivengere na mkewe walivuka milima usiku kwa miguu mpaka Rwanda.

Alipokuwa uhamishoni aliona kuwa kitu kigumu kinaota ndani yake. Siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka ule ule, akiwa kanisani London, aliyasikia maneno ya Bwana pale msalabani ya kuwaombea wauaji wake, akatambua kuwa yeye alikuwa akiisali sala ile kwa kumtoa mtu mmoja. Akaanza kumsamehe. Kisha akaandika kitabu, ambacho jina lake lasema kuwa anampenda Idi Amin. Wengi walikasirika. Lakini angalieni: hakusema kuwa Askofu Mkuu alikufa kwa ajali. Aliendelea kueleza ulimwengu maovu yale kama yalivyokuwa, na kuwasaidia wakimbizi, mpaka utawala ule ulipoanguka mwaka 1979 akarudi kwao. Kwa hiyo kusamehe si kughushi hesabu.

Kwa haya, Mabwana na Mabibi, twaomba tutoe maneno machache ya kutufaa katika Chama hiki.

Kwanza, tusimharakishe mwenye maumivu. Rafiki za Ayubu walipomjia walikaa naye chini siku saba pasipo kusema neno, na hizo ndizo siku walizomfaa. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu. Sisi hufika penye msiba na kabla mchanga haujakauka husema, "Ni mapenzi ya Mungu, usilie." Huenda twasema kweli, lakini twamfunga mtu kinywa. Katika Zaburi imo moja, ya 88, ambayo huanza kwa kilio na kuishia gizani, nayo haikutolewa katika Kitabu. Ikiwa Mungu amevumilia sala isiyo na faraja, nasi tuvumilie.

Pili, msamaha usifanywe pazia la uovu. Mke apigwaye nyumbani asiambiwe arudi akapigwe tena kwa jina la msamaha. Mtoto aliyeharibiwa na mtu mzima asiambiwe anyamaze ili jina la ukoo lisichafuke. Aliyeiba apelekwe mbele ya sheria. Moyo waweza kufuta deni lake, na sheria ikafanya kazi yake.

Tatu, sala haikatazi dawa. Luka, mwandishi wa Injili, alikuwa tabibu, na Mtume Paulo alimwita mpendwa. Mtu asiyepata usingizi miezi na miezi, au anayeona afadhali afe, aende hospitali akaseme hivyo kwa daktari, na ndugu zake wamsindikize, pamoja na sala zao.

Nne, tusidhani kuwa kupona ni kurudi tulivyokuwa. Bwana wetu alipofufuka, mwili wake mpya ulikuwa na alama za misumari, na kwa alama zile Tomaso alimtambua. Kovu lilibaki, lakini halikuwa na usaha. Sisi bado twalia siku ya kuzaliwa mtoto wetu. Tofauti ni kwamba sasa twalia pamoja, na kile kikombe cha bati kimetoka sandukuni, kipo rafuni. Mdogo wake hukinywea maji na kuuliza habari za dada yake, naye huelezwa.

Tano, na hili ni ombi rasmi kwa Halmashauri. Mwanachama akisimamishwa kazi, sisi sote humkwepa. Twaogopa kuonekana naye, tusije tukahesabiwa pamoja. Katika ile miezi saba hakuna mwenzetu wa ofisini aliyebisha hodi kwetu. Hatusemi haya kwa uchungu, tumekwisha kuyafuta; lakini yaandikwe kwanza. Twaomba kuwa mwanachama akisimamishwa, awe ana kosa au hana, watu wawili waende nyumbani kwake juma lile lile na kitu mkononi, waulize hali ya watoto. Hawataulizwa habari za shauri. Kama wawili hao wangalifika kwetu, pengine tusingaliona aibu ya mlango wa jirani.

Mtauliza, na yule rafiki je? Alikuwa amehamishwa kituo cha mbali. Tulimwandikia. Barua ya kwanza tuliyoiandika ilikuwa hati ya mashitaka, tuliichana. Ya pili ilikuwa ya kujisifu kwa wema wetu. Hiyo nayo tuliichana. Ya tatu mwenzetu alikataa kuitia sahihi. Ya nne ilikuwa fupi. Tulimwambia kuwa twajua alilolifanya na siku alipolifanya, kuwa mtoto wetu alikufa katika siku zile, kuwa katika kifo kile sisi pia tulikuwa na kosa letu, na kuwa hatumdai tena.

Hakujibu. Hata leo hajajibu, na pengine hatajibu kamwe. Zamani tungalisema kuwa kazi haijakwisha mpaka jibu lifike. Sasa twajua kuwa deni hufutwa na mwenye kudai, wala halingoji sahihi ya mdaiwa. Mwandiko wake ukipita mezani petu twausoma kama mwandiko wa mtu yeyote.

Na neno la mwisho, kwa kuwa tumo makarani wengi humu. Mnajua kuwa karani hatoi barua bila kuweka nakala. Barua ile kwa rafiki yetu ndiyo ya pekee maishani mwetu ambayo hatukuiwekea nakala.

Bwana Rais, Mabwana na Mabibi, tumekwisha. Mungu awaponye wote walio na jambo na waliojibu leo kuwa hawajambo.